Nani Anailipia Tiketi Yako ya Bure ya Orlando?

Barabara ya International Drive mjini Orlando, Florida, imejaa vibanda vinavyotangaza tiketi za viwanja vya burudani vya Disney na Universal kwa bei ya kutupa. Tulisimama kwenye kimoja, mimi na Mama Nuru, watoto wakisukumana nyuma yetu juani. Kijana wa kibandani hakutaja bei. Alianza kuuliza. Mmeoana? Mnaishi pamoja? Mna umri gani? Mapato ya nyumba nzima kwa mwaka yanafika dola 50,000? Mna kadi ya mkopo? Mwaka huu mmeshahudhuria maelezo ya hoteli yoyote hapa mjini?

Mama Nuru akaninong'oneza: "Baba Nuru, huyu anauza tiketi au anaposa?"

Hakukosea sana. Masharti yalikuwa hivi: kesho asubuhi, wote wawili, twende kwenye hoteli fulani, tunywe chai, tusikilize maelezo kwa dakika 90, na tukitoka tupewe tiketi mbili za Disney bila kununua chochote. Ili awe na hakika kwamba tutatokea, tumwachie dola 40, tutarudishiwa huko huko. Yaani kishika uchumba tukatoa sisi.

Watu wetu wengi walioko Marekani wamepita hapo, au wamepigiwa simu wakaahidiwa siku tatu za Las Vegas kwa dola 199. Simulizi zao ni za aina mbili. Yuko anayecheka kwamba aliwalia Wazungu tiketi zao akaondoka zake, na yuko anayelipa hadi leo na hapendi mada hiyo iguswe. Nilikuwa nikidhani tofauti ya hawa wawili ni ujanja. Siku hizi sidhani hivyo.

Kwanza bidhaa yenyewe. Wamarekani wanaiita taimushea, na kwa Kiswahili cha kawaida ni umiliki wa zamu: nyumba moja ya likizo inauzwa kwa watu hamsini na zaidi, kila mmoja ana wiki yake katika mwaka, na wote wanachangia matengenezo. Wazo hili lilizaliwa Ulaya miaka ya 1960, kampuni ya Hapimag ya Uswisi ikiwa miongoni mwa za mwanzo, mwaka 1963. Lina mantiki yake: kwa nini ununue nyumba ya pwani utakayoifungia miezi kumi na moja? Mwaka 1974 ikaanzishwa RCI kule Indiana, kazi yake kuwabadilishia watu wiki zao, mwenye wiki ya Florida aweze kwenda milimani. Baadaye majina makubwa ya hoteli yakaingia, Marriott mwaka 1984, Disney mwaka 1991, na biashara ikapata heshima ambayo haikuwa nayo.

Siku hizi mara nyingi huuziwi wiki, unauziwa pointi. Unapewa, tuseme, pointi laki moja kila mwaka, na kila chumba kina bei yake kwa pointi kutegemea ukubwa, mahali na msimu. Wanakuambia pointi zinakupa uhuru zaidi, na ni kweli. Lakini wiki ni wiki, ina siku saba mwaka huu na miaka ishirini ijayo, ilhali pointi ni sarafu ya kampuni, na mwenye sarafu ndiye anayepanga inanunua nini.

Sasa zawadi. Tiketi ya siku moja ya Disney World inazidi dola 100 kwa mtu. Weka mbili, weka chai na mikate, weka malipo ya yule kijana wa kibandani, ambaye kwa lugha ya Kariakoo ni winga tu, analipwa kwa kila familia anayoileta. Kampuni inatoa fedha zote hizo kwa watu ambao wengi wao watakataa. Inapata wapi moyo?

Jibu liko hadharani, maana kampuni kubwa za biashara hii zimo kwenye soko la hisa la New York na lazima zichapishe hesabu zao. Kipimo wanachokitazama sana ni mauzo kwa kila ugeni uliokaa kitini. Unachukua mauzo, unagawanya kwa idadi ya familia zote zilizosikiliza maelezo, zilizokubali na zilizokataa. Kwa Travel + Leisure na Marriott Vacations, mbili kati ya kampuni hizo, jibu limekuwa zaidi ya dola 3,000 katika miaka ya karibuni. Umekaa, umekunywa kahawa, umesema hapana mara saba, umeondoka na tiketi zako, na bado kwa wastani kiti chako kimeingiza dola 3,000. Nani kazilipa? Mwenzako wa meza ya pili, aliyesaini.

Ndiyo maana yule anayecheka kwamba aliwalia Wazungu tiketi zao hajaila kampuni. Kampuni ilishamweka kwenye bajeti kabla hajazaliwa. Gharama yake imo ndani ya bei anayouziwa yule mwingine, na kwa sababu hiyo hiyo bidhaa huporomoka thamani siku inaponunuliwa: sehemu kubwa ya bei haikuwa nyumba, ilikuwa chai, mabango, mawinga na tiketi za watu waliokataa.

Chumba chenyewe kinastahili kuelezwa kwa kituo, kwa sababu kila kitu kimewekwa mahali pake kwa sababu.

Ni ukumbi mkubwa wenye meza ndogo za mviringo, muziki umepandishwa kiasi kwamba huwezi kunong'ona na mkeo bila muuzaji kusikia sauti ikipanda. Kwenye meza ya jirani walikuwa mzee mmoja na mkewe, Wamarekani, wamevaa fulana za rangi moja. Muuzaji wetu alikuwa bwana wa makamo, mcheshi, aliyewahi kufika Nairobi, au alisema hivyo. Dakika ishirini za kwanza hakutaja biashara. Aliuliza watoto wanaitwaje, likizo ya mwisho tulikwenda wapi, tukiwa wadogo wazazi wetu walitupeleka wapi. Nikamweleza Tanga, bahari, mishikaki ya jioni. Macho yake yakalegea kwa hisia. Nilipokuja kutafakari baadaye niliona kwamba kila jibu nililotoa lilirudi kwetu mwishoni likiwa hoja: "Bwana, hutaki Nuru naye awe na kumbukumbu kama zako za Tanga?"

Kisha karatasi. Aliandika kichwa chini miguu juu, ili sisi tulioketi mbele yake tusome sawasawa, ufundi ambao hawaupati kwa siku moja. Hoteli kwa mwaka mnatumia kiasi gani? Dola 2,500. Zidisha kwa miaka 30, ongeza kupanda kwa bei. Akachora mstari chini ya jumla: zaidi ya dola 100,000, na mwisho hamna hata funguo mkononi. Hesabu haikuwa ya uongo. Ilikuwa imeacha tu safu moja, ya ada za kila mwaka, na safu hiyo ilikuja kutajwa saa ya mwisho, kwa haraka, kama mtu anayetaja nauli.

Baada ya karatasi tukapakiwa kwenye gari dogo la gofu kwenda kuona nyumba ya mfano. Vyumba viwili, jiko kamili, beseni la maji moto barazani. Nzuri kweli, sitaki kusema uongo. Mama Nuru alifungua kabati moja moja. Tuliporudi kwenye meza bei ikatoka: dola 48,000. Tulipokunja uso ikakatwa kwa kalamu, ikawa 31,000, kwa leo tu. Tulipokataa akaja meneja, mtu wa suti, hakukaa na sisi hata dakika tano, akashusha hadi 24,000 kwa nyumba iliyorudishwa na mteja aliyepatwa na talaka. Tulipokataa tena akaja dada mmoja mwenye karatasi ya kutujazia maoni, na ndani ya karatasi ya maoni mlikuwa na bei nyingine, kifurushi cha majaribio cha miezi 18 kwa dola elfu mbili na kidogo. Mpangilio huu hauhusu hoteli moja. Ukimuuliza yeyote aliyekaa kwenye viti hivyo, Las Vegas, Cancún au Orlando, atakutajia ngazi zile zile: rafiki, bosi, kisha mtu wa mlangoni.

Katikati ya hayo meza ya jirani ililipuka kwa makofi. Chupa ya mvinyo wa povu ikafunguliwa, muuzaji akatangaza majina ya wale wazee na jimbo lao, ukumbi mzima ukashangilia. Na sisi tukapiga makofi. Utafanyaje?

Nina nadharia yangu kuhusu sisi Waswahili kwenye viti vile. Mtu amekukaribisha, amekulisha, amekuuliza habari za watoto, amekutembeza nyumbani kwake saa nzima. Kwetu sisi huwezi kunywa chai ya mtu kisha ukamwambia hapana machoni. Tumelelewa kwa haya, na kwa kulipa fadhila. Wataalamu wa mauzo hawakututengenezea sisi mtego huo, wanajua tu kwamba binadamu popote hulipa fadhila, lakini malezi yetu yameshafanya nusu ya kazi yao. Ndiyo maana dakika 90 hugeuka saa tatu: hatuinuki. Ukitaka kuinuka, sema saa ulizoahidiwa zimekwisha na unaomba uelekezwe kwenye dirisha la zawadi. Huna haja ya kueleza sababu, na ni bora usieleze, maana kila sababu ina jibu lililokwishaandaliwa. Ukisema huna fedha, kuna mkopo. Ukisema husafiri sana, ni kwa sababu hujawa mwanachama.

Turudi kwenye dola 24,000, ambayo si mbali na bei ya wastani ya soko la Marekani kwa sasa. Mkopo wa papo hapo mezani mara nyingi huzidi asilimia 12 kwa mwaka. Chukua asilimia 15 kwa miaka 10: unalipa kama dola 387 kila mwezi, na jumla yake inapita 46,000. Hiyo ndiyo bei. Juu yake kuna ada ya matengenezo, ambayo kwa wastani imeshapita dola 1,000 kwa mwaka. Anza na 1,200, ipande asilimia 5 kila mwaka, na mwaka wa ishirini utakuwa unalipa zaidi ya 3,000, na kwa miaka hiyo yote utakuwa umetoa karibu dola 40,000. Uende au usiende. Uugue, ufukuzwe kazi, urudi zako Moshi kwa jumla, ada inakufuata.

Na haifi nawe. Mikataba mingi ya Florida ni hati ya umiliki isiyo na mwisho, kama kiwanja. Muuzaji anaitaja kama sifa: utawaachia watoto. Anachowaachia mtu watoto hapo ni ankara. Warithi wana njia ya kisheria ya kukataa urithi huo, ila wengi hawajui, wanalipa ada ya kwanza kwa heshima ya marehemu na kujifunga. Hispania jambo hili lilifika hadi Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, na Januari 2015 ikaamua, katika kesi ya kampuni moja ya Gran Canaria, kwamba mkataba usio na kikomo ni batili, sheria yao ikiweka ukomo wa miaka 50. Visiwa vya Canary, ambamo Gran Canaria na Tenerife zimo, vilikuwa vimeonja ubaya wa biashara hii mapema. Mawinga wa Tenerife walikuwa wakiwagawia watalii kadi za kukwangua, na kila aliyekwangua alishinda. Bwana mkubwa wa huko, Mwingereza John Palmer, alifungwa miaka minane mwaka 2001 kwa utapeli wa taimushea, akaja kupigwa risasi nyumbani kwake Essex mwaka 2015.

Sheria ndiyo sehemu ambayo ningependa kila aliyeko ughaibuni aijue hata kama mengine yote atayasahau. "Bei ya leo tu" ina maana moja: usilale nayo. Usiku mmoja wa kulala na simu moja kwa mtu mwenye akili ndivyo vitu vinavyoua mauzo haya. Wabunge waliliona hilo, wakaurudisha usiku uliochukuliwa. Florida, ukishasaini, una siku 10 za kalenda za kuvunja mkataba bila kutoa sababu na kurudishiwa fedha zako. Zinahesabiwa tangu uliposaini au ulipopokea nyaraka zote, lipi limechelewa, na haki hiyo haifutiki hata ukiwekewa karatasi ya kuikana. Nevada, jimbo la Las Vegas, ni siku 5. Mexico ni siku 5 za kazi. Nchi za Umoja wa Ulaya na Uingereza ni siku 14, na ndani ya siku hizo muuzaji haruhusiwi kupokea hata senti ya malipo ya awali.

Lakini huvunji kwa simu. Ukipiga simu utapewa mtu mpole atakayekupangia miadi siku ya kumi na moja. Unaandika barua, tarehe, namba ya mkataba, maneno mawili matatu kwamba unaufuta, wote waliosaini wanasaini, inapelekwa posta kwa rejista kwenye anwani iliyomo ndani ya mkataba, na stakabadhi unaitunza. Florida inahesabu tarehe ya muhuri wa posta. Anwani hiyo hutaiona ukurasa wa kwanza, ila lazima iwemo. Na ukiwa unaitafuta utakutana na kifungu kingine, ulichowekea herufi za jina lako kandoni, kinachosema kwamba hukutegemea ahadi yoyote ya mdomo. Rafiki wa Nairobi, kumbukumbu za Tanga, "tutainunua tena kwako ukichoka": kifungu hicho kimevifuta vyote. Si kwamba mahakama hazijawahi kumuadhibu mtu. Mwaka 2016 jopo la mahakama San Francisco liliamua mfanyakazi wa zamani wa Wyndham, kampuni ya taimushea, alipwe dola milioni 20, kwa kufukuzwa baada ya kuripoti wenzake waliokuwa wakiwadanganya wateja wazee. Ila aliyeshinda ni mfanyakazi.

Zikipita siku kumi, unaingia soko la mitumba, na huko kuna aibu. Kwenye eBay, soko la mtandaoni, utakuta wiki za hoteli nzuri zinauzwa dola moja, mwenye nazo anatafuta tu wa kumpokelea ada. Pointi za Disney ni tofauti, hizo hubaki na thamani. Kwa hiyo yule anayependa mfumo huu kwa dhati, na wapo, familia zinazokwenda pwani ile ile kila Agosti na kuipenda, asinunue ukumbini. Anunue kwa aliyechoka.

Hapo pa kuchoka ndipo wanapongoja matapeli wa pili. Simu inalia, kampuni usiyoijua ina mnunuzi wa nyumba yako ya Mexico, inataka tu ulipe kodi na ada ya uhamisho kwanza. Mnunuzi hayupo. FBI inasema Wamarekani wapatao 6,000 waliripoti kupoteza karibu dola milioni 300 kwa njia hiyo kati ya 2019 na 2023, na serikali ya Marekani imeshawawekea vikwazo watu na kampuni zinazofanya kazi hiyo kwa niaba ya genge la Jalisco la Mexico, wale wale wa dawa za kulevya. Anayekutaka ulipe kwanza ili akuuzie, mkatie simu.

Je, uende kwenye viti vile? Mimi nimekwenda mara moja na sirudi, si kwa woga. Asubuhi ya likizo na watoto ina bei yake, na tiketi mbili haziifikii ukihesabu saa tatu, maegesho na ugomvi mdogo wa mume na mke garini. Ila simlaumu anayekwenda. Akienda, ahakikishe thamani na masharti ya zawadi yameandikwa kabla hajatoa kishika uchumba, maana vocha ya "hoteli ya bure" huja na kodi na tarehe zisizotumika. Na wakubaliane na mwenzake kabla ya kuingia nani atakayesema hapana. Wauzaji hawataki mtu aje peke yake kwa sababu hiyo hiyo, ili asipate kisingizio cha "nikamuulize mke wangu".

Sisi tulikubaliana Mama Nuru ndiye msemaji. Alisema hapana kwa Kiingereza, mwishowe akaisema kwa Kiswahili.

Dirisha la zawadi lilikuwa nyuma ya ukumbi, kwenye korido isiyo na muziki wala zulia. Dada wa dirishani hakututazama usoni. Dola 40, tiketi mbili, saini hapa. Nje kwenye maegesho tukawakuta wale wazee wa fulana za rangi moja, wamesimama kando ya gari lao, mzee ameshika mkoba wa karatasi za bluu kwa mikono miwili. Nikamvuta Mama Nuru tuondoke. Akaniachia watoto na tiketi, akavuka kwenda kwao.

Sikusikia aliyowaambia. Nilimwona akinyoosha vidole vyote kumi, na yule bibi akaufungua mkoba juu ya boneti, akavaa miwani, akaanza kupekua.